Vibuyu Vinne vya Mama Ndululu

Jumatano saa kumi na moja jioni, Mama Ndululu alirudi nyumbani kwake Kilungu kutoka maombi ya akina mama, akakuta mtu amemimina maji ya moto ndani ya vibuyu vyake vya mbegu. Mbaazi zilikuwa zimevimba na bado zina joto.

"Zimepikwa," alimwambia Koplo Kanini Muindi. "Hizi haziwezi kuota tena."

Kanini, mtoto wa mkulima, alikasirika. Hata hivyo alihesabu. Vibuyu vilikuwa tisa, kila kimoja kimechorwa mwaka wa mavuno kwa msumari wa moto. Vinne viliharibiwa: 1998, 2001, 2004 na 2006. Vitano, kuanzia 2011, havikuguswa.

Alianza na Mwangangi, shemeji wa mama, aliyegombania naye mpaka wa shamba.

"Ni kweli hatupatani," Mwangangi alisema. "Lakini mimi ningemwagia vyote, afande. Nimwachie vitano vya nini?"

Jibu lilimuudhi Kanini kwa sababu lilikuwa na akili.

Ijumaa, redio moja ya Kitui ingewatuza watu watatu mashuhuri wenye jina hilo adimu: Ndululu mkimbiaji wa marathoni, Daktari Ndululu, mtafiti aliyesifiwa kwa mbaazi zinazostahimili ukame, na mama mwenyewe, mhifadhi wa mbegu za kienyeji. Basi Alhamisi saa tatu asubuhi Kanini akawa ofisini kwa daktari, mjini Kitui.

"Jana ulikuwa wapi, Daktari?"

"Hapa hapa, kutwa nzima. Nimemhurumia sana wajina wangu."

Ukutani kilining'inia cheti cha mbaazi aliyodai kuivumbua. Mwaka: 2009.

Kanini alikisoma mara mbili. Vibuyu vilivyoharibiwa vyote vilitangulia mwaka huo. Alipotoka nje, alimpigia simu Ndululu mkimbiaji.

Ijumaa saa nne, kabla ya sherehe, aliwaketisha wote watatu katika chumba cha nyuma ya ukumbi.

"Rudia uliyoniambia," alimwambia mkimbiaji.

"Jumatano Daktari alinichukua kutoka Nairobi kuja Kitui kwa gari lake. Saa nane akaniacha hotelini pale njia panda ya Kilungu, akasema anaenda kumsalimia mama. Alirudi saa kumi akinuka moshi wa kuni."

Kanini alimgeukia Daktari.

"Leo mama angepanda jukwaani na vibuyu vyake," Kanini alisema. "Mtu angeotesha mbegu za 1998, akakuta ndizo zako za 2009. Ndiyo maana ukachemsha zile za zamani tu, kwa kuni za mama mwenyewe."

"Kazi ya maabara ni yangu," Daktari alisema kwa sauti ya chini. "Yeye alikuwa anapanda tu."

Mama Ndululu alisimama.

"Mwaka wa 2007 ulikuja kwangu, ukala. Nikakufungia kilo moja, kwa sababu tunaitwa jina moja. Ungeandika hata kwamba nilikupa. Mbegu niliyorithi kwa mama mkwe wangu umeipika kama githeri."

Daktari aliomba atolewe kwa mlango wa nyuma.

"Hapana," Kanini alisema, akamfunga pingu. Akafungua mlango wa ukumbini, ambako wakulima mia tatu walikuwa wameketi wakimsubiri Daktari Ndululu, akamtanguliza mbele yake.