Dari la Tangi

Rafiki yangu mmoja alipojiunga na jeshi la majini, mwezi mzima wa kwanza hakuona bahari, aliona vyoo. Alisugua vyoo, akamenya viazi, akarudi kusugua vyoo. Makuruta wenzake walinung'unika chinichini. Yeye alimwambia sajini usoni, "Afande, mama yangu alizaa baharia, hakuzaa ufagio."

Kesho yake asubuhi sajini akampa kikwangulio na tochi, akamshusha peke yake ndani ya tangi tupu la maji, chini kabisa melini.

"Kwangua kutu kwenye kuta zote mpaka zing'ae. Na ukitaka kubishana, bishana nazo."

Akakwangua. Kwaru, kwaru. Tochi ikafifia, ikazimika. Hakutaka kumpa sajini raha ya kuombwa nyingine, akaendelea kwa kupapasa. Ndipo akasikia mkwaruzo wa pili. Akiacha yeye, nao unaacha, ila umechelewa kidogo.

Jasho jembamba likamtoka, lakini mdomo haukunyamaza.

"Sikiliza, wewe," akasema gizani. "Kama umekuja kufanya kazi, fanya. Kama umekuja kunitisha, sajini amekutangulia."

Mkwaruzo ule ukajibu: kwaru, kwaru, kwaru, kwa kasi.

Saa sita mchana sajini akashuka na taa, akamulika kuta, akamulika juu.

"Kuruta, mimi nilikuagiza kuta. Dari umelifikiaje bila ngazi?"

Rafiki yangu akainua uso. Dari lote liling'aa, na vumbi la kutu lilikuwa bado linamdondokea machoni.