Safu Mbili za Chakula

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Girija alimpelekea mgeni wao chai. Mgeni huyo, Dokta Sunanda, alikuwa mwalimu wa elimu ya jamii katika chuo kikuu mjini Dharwad. Alikuja kijijini Hosakere kuandika kitabu kuhusu namna watu wanavyoishi pamoja, na Bibi Parvatavva, bibi yake Girija, alikuwa amempa chumba cha uani. Kabla ya kugusa kikombe, Dokta Sunanda alizoea kumwuliza Girija swali moja. Kwa nini bibi yake hufunga siku ya Jumatatu? Nani hukaribishwa ndani siku ya harusi, na nani hupewa chakula akiwa mlangoni? Girija aliyapenda maswali hayo. Hakuna mtu mzima mwingine aliyemsikiliza mpaka akamaliza kusema.

Asubuhi ile alipofika na chai, alikuta chumba kitupu. Begi la Dokta Sunanda lilikuwa limetupwa njiani, na sari zake mbili zimetapakaa vumbini. Bibi alikuwa akimwaga maji sakafuni kwa hasira, kana kwamba mle ndani amefia mtu.

"Rudisha hicho kikombe jikoni," alisema. "Aliyekula mtaa wa kusini hanywi tena kwangu."

Mtaa wa kusini walikaa watu ambao mababu wa akina Girija hawakukubali hata kuguswa na kivuli chao. Sheria ilikuwa imepiga marufuku mambo hayo zamani, lakini sheria ilikaa mjini, na Hosakere ilikuwa mbali. Jana yake Dokta Sunanda alikuwa ameketi sakafuni kwa Durgavva, mfagizi wa shule, akala naye mkate wa mtama. Habari zilifika kwa bibi kabla mgeni hajanawa mikono.

Tena si mkate peke yake. Durgavva alikuwa amemweleza mgeni kwamba shuleni, wakati wa chakula cha mchana, wanafunzi hukaa safu mbili, na watoto wa mtaa wa kusini hutengwa. Girija aliposikia hivyo, alishtuka. Swali hilo Dokta Sunanda alikuwa amemwuliza yeye kwanza, na yeye alikuwa amejibu kwamba wote hukaa safu moja. Bibi ndiye aliyemfundisha kujibu hivyo, siku moja kabla mgeni hajafika.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Virupakshi, baba mkubwa wake Girija na mwenyekiti wa kamati ya shule, alipita asubuhi akatangaza kwamba jioni kutakuwa na mkutano. Durgavva angefukuzwa kazi kwa kukichafulia kijiji jina. Yallavva, binti yake Durgavva, alisoma darasa moja na Girija. Girija alipomsogelea, Yallavva aliinua mkono kumzuia.

"Usinikaribie. Mgeni ametuambia ulivyomjibu. Safu moja, eti. Mimi hukaa wapi basi, juu ya paa?" Wenzake walicheka, lakini yeye hakucheka. "Mama akifukuzwa, tutakuja kwenu tule huo uongo wako, maana hatutakuwa na kingine cha kula."

Jioni uwanja wa shule ulijaa. Waliotangulia walikuwa wameshika baraza, na watu wa mtaa wa kusini walisimama nyuma kabisa, karibu na bomba. Virupakshi alisema wasomi wa mjini wote ni wale wale. Huja na kalamu, hutoka na sifa, na kijiji hubaki na aibu.

"Mwezi mzima amekula samli yetu," alisema akimnyooshea Dokta Sunanda kidole. "Sasa anataka kwenda kututapika huko kwa wenzake."

Watu wakashangilia. Mzee mmoja aliuliza kama hicho kitabu kitaleta mvua. Mwingine akajibu kwamba kitafaa kuwashia moto.

Dokta Sunanda alisubiri wanyamaze, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba kosa lilianzia kwake. Alipofika, alichagua kukaa katika nyumba yenye baraza pana, kama walivyofanya wasomi wengi wa India kabla yake. Aliuliza maswali yake pale, akaamini kwamba baraza ndilo kijiji. Hata chuoni aliwahi kusimama mbele ya wenzake akawaeleza kwamba watoto wa Hosakere hula pamoja, wakampigia makofi.

"Nilikosea," alisema, "na mwenye elimu akikosea lazima arudi pale pale alipokosea. Lakini mkiniuliza kutengwa kukoje, siwezi kuwajibu. Mimi sijawahi kutengwa. Aliyetengwa ndiye anayejua, na yeye ndiye wa kusikilizwa."

Macho yote yakamgeukia Durgavva. Hakusogea pale aliposimama.

"Nimeshasema," alijibu. "Sisemi mara ya pili ili nitukanwe mara ya pili."

Virupakshi alicheka. Alisema basi aulizwe mtoto, tena mtoto wa nyumba iliyompa mgeni malazi, ili mtu asije akasingizia chuki. Akamshika Girija bega, akamsimamisha mbele ya watu. Girija alimtazama bibi yake, na bibi akatazama pembeni. Kule nyuma alimwona Yallavva akiwa ameushika upindo wa sari ya mama yake kama mtoto mdogo. Girija aliona wazi kwamba neno lake moja tu lingemfukuzisha mama yule kazi.

"Tunakula safu mbili," alisema. "Sisi tunakaa barazani, kivulini. Yallavva na wenzake wanakaa juani, karibu na bomba, na wanakuja na sahani zao kutoka nyumbani. Mgeni aliponiuliza, nilimdanganya."

Uwanja ulilipuka kwa kelele. Virupakshi aliliachia bega lake kama mtu aliyeungua, akauliza ni nani aliyemnunulia mtoto huyu peremende. Donge la udongo likarushwa kutoka nyuma ya baraza, likamwangukia Dokta Sunanda miguuni.

Hapo mwalimu mkuu, ambaye kwa miaka mingi alimwogopa mwenyekiti, alisimama. Alisema mtoto amesema jambo ambalo yeye, mtu mzima, alilifumbia macho. Durgavva hafukuzwi kwa kusema kweli, na kuanzia kesho wanafunzi watakaa kwa madarasa. Virupakshi aliondoka bila kuaga, na nusu ya watu wakamfuata.

Kesho yake wazazi kadhaa walikuja kuwachukua watoto wao kabla ya chakula. Waliobaki walikaa kwa madarasa. Yallavva aliketi kando ya Girija bila kumsalimu. Mwishowe akamsukuma kidogo kwa kiwiko.

"Sogea, mwongo. Umekalia sketi yangu."

Girija akasogea, nao wakala wali na dengu.

Lakini nyumbani bibi hakuwa amemsemesha tangu mkutano. Alimwekea sahani mbele, kisha akampa mgongo. Girija alivumilia mpaka akashindwa. Jioni moja alimfuata jikoni, akapiga magoti, akamwomba msamaha kwa kuiaibisha nyumba yao.

Bibi aligeuza mkate wa mtama kwenye chuma, akausubiri uive.

"Usiniombe msamaha," alisema bila kugeuka. "Siku ile nilipokufundisha kusema safu moja, nilijua. Kama tungekuwa tunatenda haki, ningekuambia useme kama ilivyo. Mtu hamfundishi mtoto uongo ila kwa jambo analolionea aibu. Niliona aibu, Girija, na badala ya kuitua, nikakubebesha wewe."