Hakumuuliza Mchumba Wangu Jina

Nilimwona kwenye kioo cha saluni yangu. Mchumba wangu, kidole mdomoni, akimnyamazisha mdogo wangu...

Jamani! Nikaacha rasta za mteja zikining'inia.

Ngoja niwaeleze. Mdogo wangu ni binti mkubwa tu, ila alizaliwa na hali adimu ya vinasaba. Kwake hakuna mgeni. Atakukazia macho usoni bila haya, kisha atakuhoji: jina lako nani, unampenda nani. Ndiyo maana tunamwita Maswali. Akishakuhoji mara moja, harudii.

Mchumba wangu anafanya kazi mbali, ndiyo kwanza anafika saluni, na nilijua hawajawahi kuonana. Maswali akamtazama, akatabasamu... hakumuuliza hata jina.

"Mnajuana?" nikauliza.

"Tujuane wapi? Huyu si anamchekea kila mtu?"

Alijibu huku anatazama viatu vyake.

Nyie, niliwaza mabaya yote. Mdogo wangu ukimwambia twende, anakwenda. Jamaa alipoaga tu, nikamvuta Maswali chumba cha nyuma.

"Yule kaka umemwona wapi? Amekugusa?"

"Hapana, dada. Ni baba Kidoti."

"Kidoti ndiye nani?"

"Rafiki yangu wa kliniki. Tunashindana kutazamana. Wengine wote wanakwepa macho. Yeye hakwepi."

Baba? Bwana huyu aliniapia kwamba hana mtoto.

Kliniki ya wenye hali kama yake humpeleka shangazi. Safari hiyo nikampeleka mwenyewe. Nikamkuta mchumba wangu kwenye benchi, kampakata binti mdogo mwenye doti shavuni.

"Niliogopa ungenikimbia," akasema. "Wanawake wawili walishanikimbia kwa ajili yake."

"Mimi? Niliyelala kitanda kimoja na Maswali utoto wangu wote?"

Akainamisha kichwa. Kidoti akashuka, akanikazia macho yale yale niliyoyazoea nyumbani.

"Jina lako nani?"

Uchumba wote ule, na mtoto hajawahi hata kulisikia jina langu. Hapo ndipo nilipolia.

Nikamtajia jina.

"Unampenda nani?"

Nikavua pete, nikaiweka kwenye kiganja cha baba yake. Bado alikuwa anatazama viatu.

Siku za kliniki sasa nakwenda mimi. Kidoti na Maswali wanashindana kutazamana, mimi mwamuzi, na baba mtu anakaa benchi la mbali.

Wananiambia nina roho ngumu, mtu alikuwa na hofu tu. Sawa. Lakini anayeificha damu yake mwenyewe, wewe ni nani asikufiche?