Togwa ya Mama Gwantwa

Boazi alikuwa akigeuza kahawa juani. Kahawa ilikuwa imetandazwa kwenye kichanja, nyuma ya nyumba yake pale Nanyala. Binti yake, Gwantwa, alikuwa akiosha vyombo.

"Baba," Gwantwa alisema, "sherehe ya kuniaga imebaki wiki tatu. Wageni watakunywa nini?"

"Soda zitakuwepo. Maji yatakuwepo."

Gwantwa alisugua sufuria ileile mara mbili. Kisha akasema, "Nilitaka togwa ya mama."

Boazi aliacha kugeuza kahawa. Mke wake, Atuganile, alifariki mwaka uliopita baada ya kuugua siku chache. Kwa zaidi ya miaka ishirini, yeye ndiye aliyepika togwa ya arusi pale kijijini. Ilikuwa nyepesi na tamu, yenye uchachu kidogo mwishoni. Watu walipomwomba awafundishe, alicheka. "Njooni mnywe," aliwaambia. "Lakini jikoni kwangu, hapana." Alifundishwa na mama yake, naye aliona ni hazina ya nyumba. Alipanga kumfundisha Gwantwa akikaribia kuolewa. Siku hiyo hakuiona.

"Tujaribu," Boazi alisema mwishowe.

Walijaribu. Gwantwa aliloweka ulezi, akaufunika ili uote. Aliuacha siku sita. Akauanika, akausaga. Akapika uji wa mahindi, na ulipokuwa bado unachemka akamimina unga huo wa kimea ndani. Kesho yake togwa ilikuwa nzito, haina utamu, na inanuka.

Gwantwa alionja, akaanza kulia. "Baba, hata ladha yenyewe nimeanza kuisahau. Nikijaribu kuikumbuka, inanikimbia."

Jirani yao, Restuta, alisikia kilio akaja. Restuta alikuwa akifundisha watu wazima kusoma na kuandika. Aliinama, akatazama kimea kilichobaki kwenye bakuli.

"Baba Gwantwa, tazama hapa. Hivi vidoa vya kijani ni ukungu. Kimea chenye ukungu ni sumu. Kitupeni, na hata kuku msiwape. Na hiyo togwa imwageni."

"Mimi nilidhani kikikauka kinakuwa salama," Gwantwa alisema.

"Hapana. Kukausha hakuondoi sumu. Tena, uji ulikuwa wa moto sana. Moto mkali unaua nguvu ya kimea. Uji unabaki mzito, na utamu hautoki."

Boazi aliinamisha kichwa. "Mwalimu, wewe unajua. Basi tufundishe."

"Najua habari za kimea," Restuta alijibu. "Ya Mama Gwantwa siijui. Nilimwomba mara mbili, akaninyima." Alitabasamu kidogo. "Lakini ninyi mliishi naye. Kila mmoja wenu ana kipande. Gwantwa, leta daftari. Tuandike kila mnachokumbuka."

"Mimi sikumbuki chochote," Boazi alisema. "Sikuwahi kupika."

"Ulikuwa unakaa wapi yeye akipika?"

"Hapa nje. Nachambua kahawa."

"Ulisikia nini?"

Boazi alifikiri. "Alikuwa akiimba. Akishatia kimea anakoroga na kuimba wimbo wa kanisani, beti zote nne. Ukiisha anaurudia. Mara ya pili ikiisha, naye ananyamaza." Aligeukia mlango wa jikoni. "Halafu nasikia mfuniko."

"Basi alikoroga kwa muda wa wimbo huo mara mbili," Restuta alisema. "Andika, Gwantwa."

Boazi alikumbuka na jingine. Yeye ndiye aliyekata majani ya mgomba ya kufunikia ulezi. Aliyakata Alhamisi, na Jumapili baada ya ibada ulezi ulianikwa. Siku tatu tu. Gwantwa naye alikumbuka mama yake akichovya kidole kwenye uji na kuhesabu hadi kumi. Kidole kisipovumilia, alisubiri.

Kilichobaki kilikuwa kipimo. Walimpigia simu Loisi, mdogo wake Atuganile, anayefanya biashara Tunduma. Jumamosi alifika.

"Shemeji, mama alitupimia kwa bakuli," Loisi alisema. "Bakuli sita za unga wa mahindi, bakuli moja ya kimea. Dada hakubadilisha."

Siku chache kabla ya sherehe walipika wote pamoja. Asubuhi yake Gwantwa alifunua ndoo, akamchotea baba yake. Boazi alikunywa funda moja. Akageuka, akatazama kichanja cha kahawa kwa muda mrefu.

"Ni yenyewe?" Gwantwa aliuliza.

"Ni mama yako," alijibu.

Siku ya sherehe ndoo tatu ziliisha mapema. Marita, mke wa mzee wa kanisa, alimfuata Boazi. "Baba Gwantwa, naomba ninakili ile karatasi ya daftari mliyoandika upishi wa togwa."

Loisi alimtangulia Boazi kujibu. "Hapana, mama. Hiyo ni ya nyumba yetu. Dada hakutaka itoke."

Boazi aliweka kikombe chini. "Shemeji, dada yako nilimpenda, na bado nampenda. Lakini hapa alikosea. Ilibaki kidogo tu tuizike pamoja naye. Na mwalimu huyu, aliyenyimwa, ndiye aliyetusaidia kuipata."

Loisi alimtazama Restuta, kisha Marita. "Karatasi haitoshi," alisema taratibu. "Lazima uone kwa macho. Nitabaki hadi Jumanne."

Jumanne wanawake tisa walijaa jikoni kwa Boazi, pamoja na kijana mmoja, Amoni, aliyetaka kuuza togwa barabarani. Loisi aliwaonyesha. Restuta aliwakumbusha kunawa mikono, kuosha ndoo kwa maji ya moto na kufunika vizuri. Kila aliyejua kuandika aliandika. Asiyejua aliandikiwa.

Jikoni mlikuwa kimya mwaka mzima. Sasa mlijaa vicheko. Na kila mtu alikuja na habari ya Atuganile.

"Nilipojifungua mwanangu Lwitiko," Marita alisema, "aliniletea jagi la togwa kila asubuhi, wiki nzima. Akaniambia nisimwambie mtu."

Boazi alikuwa amesimama mlangoni. "Hata mimi hakuniambia," alisema. Alicheka huku akifuta macho. Alidhani anawapa watu hazina ya mke wake. Kumbe nao walikuwa wamemtunzia yao.

Gwantwa aliolewa Ibaba, kule Ileje. Mwezi wa pili baada ya arusi alipiga simu.

"Baba, nimewapikia togwa. Mama mkwe amekunywa vikombe vitatu. Halafu akaniambia, 'Umenipa ya kwenu, sasa kaa nikupe ya kwetu.' Amenionyesha maharage mabichi na majani ya maboga, yaliyoungwa kwa karanga. Alifundishwa na bibi yake. Hakuwahi kumpa mtu."

"Umeandika?"

"Nimeandika yote."

"Umeandika na vipimo?"

"Na vipimo, baba."

Boazi alinyanyuka kwenye kiti. Maishani mwake hakuwahi kupika mboga.

"Basi nisomee," alisema. "Lakini polepole. Ngoja kwanza nitafute sufuria."