Ndama Aliyeoshwa kwa Sabuni

Kila asubuhi kabla ya basi la shule kufika, Twyla Haugen, msichana wa miaka kumi na miwili, alimpelekea nyasi kavu ng'ombe wake, Hilda. Hilda alikuwa na ndama wake wa kwanza. Wote wawili wangeuzwa pamoja mnadani Jumamosi, kisha Twyla anunue tandiko jipya la farasi. Alilokuwa nalo lilikuwa la babu yake, na wenzake walilicheka.

Lakini Aprili huku Dakota haina adabu. Jumatatu watu walitembea bila makoti. Jumanne theluji ilikuja na upepo wa kaskazini, ikafukia ua mzima. Shule ikafungwa. Twyla alimkuta ndama amelala kwenye theluji, mdomo wake baridi.

"Mpeleke jikoni," baba yake, Virgil, alimwambia huku akitoka kuwatafuta ng'ombe wengine. "Mkaushe kwa gunia tu. Usimwoshe, unasikia?"

"Nasikia, baba."

Kusikia alisikia, ila ndama alijaa matope na kinyesi. Akamtia kwenye maji ya moto, akamsugua kwa sabuni ya mawaridi ya mama yake. Ndama alipata nguvu, akasimama, akanukia kama bibi harusi. Dhoruba ilipotulia, Twyla alimrudisha bandani. Hilda alimnusa mara moja, akampiga teke. Hakuitambua tena harufu ya mwanawe.

Twyla hakumwambia mtu. Mara tatu kwa siku alimfunga Hilda kamba ili ndama anyonye. Aliona aibu, na tandiko alilitaka sana.

Jumamosi, Hilda na ndama waliingizwa uwanjani mnadani. Ndama alikuwa ameshiba, na Hilda alisimama kimya kwa woga wa kelele. Nani angejua? Aliyekuwa akipandisha bei ni Bi Opal, jirani yao mjane, ambaye theluji ilimuulia ng'ombe saba.

Dalali alinyamazisha watu ili muuzaji ataje kasoro ya mnyama kama ipo, kama ilivyo kawaida pale. "Virgil, una neno juu ya hawa?"

"Si wangu. Muulize mwenyewe," baba alijibu, akimwelekeza Twyla.

Twyla alisimama. Akamtazama Bi Opal.

"Hilda anamkataa ndama," alisema. "Nilimwosha kwa sabuni. Hanyonyi mpaka nimfunge mama yake kamba."

"Na wewe siku hiyo ulioga?" mzee mmoja wa nyuma aliuliza, watu wakacheka. Bei ikaporomoka. Bi Opal aliwanunua kwa kiasi kisichofika hata nusu ya bei ya tandiko.

Twyla alilia ndani ya gari. Baba hakumkemea.

"Umenificha siku nne," alisema. "Leo umesema, na mimi nimefurahi. Kesho utakwenda kumsaidia Opal."

Kesho yake Bi Opal alimpaka ndama chumvi mgongoni ili mama yake amlambe na kumzoea. Hilda akailamba yote, halafu akampiga ndama teke. Bi Opal akacheka, akamwita mbwa wake aingie zizini.

"Mbwa wa nini, Bi Opal?"

"Subiri kidogo."

Mbwa alimsogelea ndama. Hilda akakoroma, akajitia katikati, akainamisha kichwa na kumkimbiza mbwa mpaka nje ya zizi. Kisha akarudi, akamnusa ndama, akaanza kumlamba taratibu. Jioni ndama alinyonya bila kamba. Twyla hakuweza kuwaondolea macho.

"Ningenyamaza, usingejua," alisema polepole.

"Nisingejua kabisa," Bi Opal alijibu. "Ningemwona anakonda, nikadhani ni ugonjwa wa baridi, nikamchoma sindano bure. Angekufa njaa kando ya kiwele kilichojaa. Kosa likisemwa lina dawa, mwanangu. Ukilificha, anayeumia ni yule asiye na kinywa cha kusema."