Mashini ya Tatu

Kila asubuhi kabla ya shule, mimi ndiye niliyefungua atelie ya Mama kule Mudzi-Pela. Nilifagia vipande vya vitenge, nikatia mafuta kwenye mashini za kushona, halafu nikakimbia shuleni kabla geti halijafungwa. Mashini zilikuwa tatu. Ile ya tatu ilikuwa korofi kama mbuzi; ilikata uzi kila ilipojisikia. Jumatatu moja Mama aliipeleka kwa Tharcisse, fundi wa mashini.

Jumatano yake kibanda jirani cha kuchaji simu kikashika moto. Kuta zetu za mbao hazikumaliza hata nusu saa. Mama alisimama barabarani amejishika kichwa, nami nililia mpaka sauti ikakauka.

Kwetu, mtu aliyeunguliwa haachwi alale na majivu mbele ya macho yake. Kabla ya jioni majirani walikuja na majembe na mkokoteni, wakazoa kila kitu, wakaenda kukitupa katika shimo nyuma ya matanuri ya matofali. Tuliwashukuru sana. Kumbe walikuwa wamezoa ushahidi wetu!

Mama alikuwa na asiranse, yaani bima ya moto. Mjomba Fabien, anayejua Kifaransa vizuri, alimjazia karatasi ya madai: siku ya moto, chanzo chake, vitu vilivyoungua. Penye mashini akaandika tatu.

"Fabien, mbona tatu?" Mama aliuliza.

"Yaya, dada yangu, miaka yote hii unawalipa hao wa bima bure. Ya tatu iko kwa Tharcisse, nani atajua? Na weye Abigaël, funga kinywa."

Mama alichukua kalamu, akatia sahihi. Nilimkasirikia Mjomba, na Mama pia nilimkasirikia.

Wiki iliyofuata akaja mkaguzi wa bima, Mama Claire, amevaa buti na kubeba kamera. Alizunguka kiwanja kitupu mara mbili, akakunja uso.

"Mama Abi, mbao inaungua, kitambaa kinaungua. Lakini chuma hakiwezi kuungua kikaisha. Vichwa vya mashini viko wapi?"

"Majirani walifagia, mama."

"Naelewa. Lakini kama sioni kitu, nitaandika nini? Dosie yenu ya madai itafungwa."

Mimi nilijua lile shimo. Siku ile niliufuata mkokoteni. Nikisema, mkaguzi atakuta vichwa viwili, na karatasi inasema vitatu. Nikinyamaza, Mama hatapata kitu. Mjomba, aliyesimama kando ya Mama, alinikazia macho. Nikaitazama mikono ya Mama, ile iliyoshona sare niliyovaa.

"Viko shimoni," nilisema. "Lakini ni viwili tu. Ya tatu iko kwa fundi."

"Huyu mutoto!" Mjomba alifoka.

"Muache, Fabien. Anasema kweli," Mama alisema. "Nilitia sahihi nikijua. Munisamehe, Mama Claire."

Tulichimba mpaka saa sita. Vichwa vilitoka vyeusi tii, lakini namba zake zilisomeka. Mama Claire alizilinganisha na zile za mkataba, akapiga picha, halafu akampa Mama karatasi afute tatu, aandike mbili, na kusaini upya.

"Kosa hili nitaliandika kwenye ripoti, na ofisi itaamua," alisema. "Lakini ningeligundua mimi mwenyewe, wangekataa dai lote, hata zile mbili."

Tulingoja mwezi mzima. Siku hizo tulikula kwa ile mashini korofi, ambayo Tharcisse aliirudisha imepona. Mama aliiweka barazani, akashona mchana kutwa. Mwishowe simu ikalia: bima ingelipia mashini mbili na atelie yetu, ila sehemu ndogo ya hasara ambayo, kwa mkataba, mwenye mali hujilipia mwenyewe. Nilipiga vigelegele peke yangu.

Jioni ile Mjomba Fabien alikuja na suruali iliyochanika. Mama aliipokea, akaiweka juu ya mashini, kisha akasita.

"Fabien, kwa karatasi yako hii mashini si iliungua? Sasa suruali yako nitaishona na nini?"

Mjomba alitazama chini, akacheka kwa haya. Mama hakucheka.

"Hasara yetu ilikuwa ya kweli," alisema, akinigeukia. "Nusura niiharibu kwa bongo moja, uongo mmoja tu. Abi, ukiwa na haki yako, iseme ilivyo, usiiongezee kitu. Na hii mashini, tungeificha chini ya kitanda mpaka lini?"

Kisha akakanyaga pedali, na uzi haukukatika.