Shimo la Mstari wa Saba

Hakuwa na mke, hakuwa na mtoto, hakuwa na shahada wala jirani wa kumwazima chumvi. Hata paka hakuwa naye. Alikuwa na Kigiriki cha kale, alichokisoma shule ya jioni akiwa na mvi tayari, na jina la utani: Kamusi.

Simu iliita akiwa mezani peke yake.

— Kamusi, kipande cha lile shairi kimepatikana.

Alikuwa Mwalimu. Sauti hiyo hakuwa ameisikia kwa miaka mitatu. Ndiye mwanamke aliyemfundisha herufi ya kwanza ya Kigiriki, wakaishia kusoma pamoja mashairi yaliyoliwa na wadudu, bega kwa bega, hadi wenzao wakawaita maharusi wa makaratasi. Kisha likaja shairi la mwanamke aliyeachwa na mpenzi wake. Mstari wa saba ulikuwa na shimo mwishoni. Mwalimu alitaka libaki wazi, Kamusi akalijaza: “nitamngoja.” Kanuni ya kazi yao ni moja: neno la kukisia hutiwa ndani ya mabano, msomaji ajue si la mshairi. Kitabu chao cha tafsiri kilipokwenda kuchapwa, Kamusi aliyafuta mabano. Wasomaji wakalia, wakamsifu. Mwalimu alifungasha vitabu vyake, akaondoka bila ugomvi.

— Kinasemaje?

— Kimeingia shimoni barabara. Anasema, “nimefunga mlango.”

— Hamngoji?

— Hamngoji, bwana. Aliyekuwa akingoja ni wewe.

Kamusi akakiri. Alitaka kumposa Mwalimu, mdomo ukawa mzito, maneno akamtwika mwanamke wa watu.

— Mtu amekufa zamani hizo, bado unamtuma ushenga?

Mwalimu alicheka kidogo, naye Kamusi akacheka. Kisha akamwomba arudi.

— Nitakaaje meza moja na mtu nisiyejua neno lipi lake, lipi la kubuni? Kipande kinatangazwa mwezi ujao. Wasomaji wakisikia kwako kwanza, tutazungumza. Siahidi zaidi ya hapo.

Jina zuri lilikuwa mali pekee ya Kamusi. Alikaa nalo siku mbili. Siku ya tatu akamwandikia mchapishaji:

“Neno la mwisho la mstari wa saba ni langu, si la mshairi. Mabano niliyafuta kwa makusudi. Tafadhali watangazieni wasomaji.”

Alitamani kuongeza sentensi ya kujitetea. Akaiacha nafasi tupu, akatia sahihi, akakunja karatasi, akalowesha gundi ya bahasha kwa ulimi na kuibana kwa kiganja. Alitembea mwenyewe hadi posta, akaitumbukiza.